Alaska: Neema ya mafuta ilivyozua vita kati ya mgao na shule

KILA mwaka msimu wa baridi unapobisha hodi, wakazi wa jimbo la Alaska, Marekani, hupokea kutoka kwa serikali yao kitu ambacho raia wengi duniani hukiona ndotoni tu: pesa taslimu wasizozitolea jasho. Tajiri hupata sawa na maskini, na mtoto sawa na mzee. Mnamo 2022 kila mkazi aliyehitimu alipata dola 3,284. Miaka mitatu baadaye, katika 2025, alipata dola 1,000 pekee.

Tofauti hiyo haikuletwa na soko la mafuta peke yake. Ililetwa pia na wanasiasa waliolazimika kujibu swali gumu: je, mali ya umma igawiwe watu mikononi, ama igharamie shule, barabara na polisi? Alaska imelijibu swali hilo kwa zaidi ya miaka 40 bila kulimaliza, na kisa chake ni funzo kwa yeyote anayedhani kwamba kuchimba mafuta ndiyo kazi ngumu.

Ili kuelewa mzozo huu, ni vyema kwanza kulifahamu jimbo lenyewe. Alaska ndilo jimbo kubwa kuliko yote ya Marekani. Lina ukubwa wa kilomita mraba milioni 1.7, karibu mara tatu ya Kenya, lakini sensa ya 2020 ilihesabu watu 733,391 tu. Jiji kubwa ni Anchorage, ilhali makao makuu ya serikali yako Juneau, mji ambao hauna barabara ya kuuunganisha na maeneo mengine ya jimbo. Mbunge anayekwenda kikaoni hana budi kupanda ndege au meli. Bunge lenyewe ni dogo: maseneta 20 na wawakilishi 40.

Marekani iliinunua Alaska kutoka kwa Urusi mnamo 1867 kwa dola milioni 7.2. Wengi walimcheka William Seward, waziri wa mashauri ya kigeni wa wakati huo, kwamba alikuwa amenunua barafu. Wenyeji asilia, wakiwemo Wainupiat, Wayup'ik na Watlingit, hawakuulizwa lolote kuhusu ardhi ya mababu zao. Alaska ilipata hadhi ya jimbo Januari 1959, ikiwa ya 49.

Mambo yaligeuka 1968, mafuta mengi yalipogunduliwa Prudhoe Bay, kwenye pwani ya bahari ya Aktiki. Mwaka uliofuata, serikali ya jimbo ilikodisha vitalu vya uchimbaji na kupata takriban dola milioni 900 kwa siku moja. Lakini bomba la kusafirisha mafuta hayo halingejengwa kabla ya suala la ardhi ya wenyeji kutatuliwa. Ndipo Bunge la Marekani lilipopitisha sheria ya 1971 iliyowapa wenyeji ekari milioni 44 na dola milioni 962.5, mali iliyowekwa chini ya mashirika ambayo wao wenyewe ni wanahisa. Bomba la kilomita takriban 1,290, kutoka Prudhoe Bay hadi bandari ya Valdez, lilikamilika 1977.

Wakati huo zile dola milioni 900 zilikuwa zimekwisha kutumika. Wananchi wakaanza kuuliza: mafuta yenyewe yakiisha itakuwaje? Akiba haiozi, na mnamo 1976 wapiga kura waliirekebisha katiba ya jimbo ili angalau asilimia 25 ya mrabaha wa madini na mafuta iwekwe katika Hazina ya Kudumu. Katiba ilikataza mtaji wa hazina hiyo kuguswa, ungewekezwa tu. Kilichoachwa mikononi mwa wabunge ni faida yake.

Hapo ndipo alipoingia Gavana Jay Hammond, mvuvi, mwindaji na rubani aliyeishi miongoni mwa wavuvi wa Bristol Bay. Hammond aliwajua wanasiasa wenzake. Aliamini kwamba hazina isiyo na mwenyewe italiwa, na kwamba njia ya kuilinda ni kumfanya kila mwananchi awe na fungu lake ndani yake. Mpango wake wa kwanza ulikuwa kuwalipa zaidi waliokaa Alaska miaka mingi. Mahakama ya Juu ya Marekani iliukataa mnamo 1982 kwa kuwa uliwabagua wageni, na mwaka huo huo kila mkazi akalipwa dola 1,000 sawasawa.

Hesabu ya Hammond ilifaulu. Mnamo 1999 wananchi walipoulizwa kama faida ya hazina itumike kuendesha serikali, asilimia 83 walikataa. Kufikia 2025 hazina ilikuwa imepita dola bilioni 80. Nchi nyingi zenye mafuta hazina cha kuonyesha kinachokaribia hapo.

Hata hivyo, kinga hiyo ilikuwa na gharama yake. Mnamo 1980, fedha za mafuta zikiwa zinamiminika, jimbo lilifuta kodi ya mapato ya watu binafsi. Uzalishaji ulifika kilele mnamo 1988, takriban mapipa milioni mbili kwa siku, kisha ukaanza kushuka hadi chini ya robo ya kiwango hicho. Bei ya mafuta ilipoporomoka 2014, serikali ilijikuta na pengo la mabilioni katika bajeti, bila kodi ya kuliziba.

Mnamo 2016 Gavana Bill Walker alifanya jambo ambalo hakuna aliyemtangulia alithubutu kulifanya: alitumia kura ya turufu kupunguza mgao karibu nusu, hadi dola 1,022. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Alaska, ambayo iliamua 2017 kwamba mgao ni matumizi kama mengine, na sharti uidhinishwe na bunge kila mwaka. Kwa maneno mengine, katiba ililinda mtaji, bali haikulinda fungu la mwananchi.

Walker alijitoa kwenye uchaguzi wa 2018. Mike Dunleavy alishinda kwa kuahidi mgao kamili, na mwaka uliofuata akapendekeza kupunguza fedha za chuo kikuu cha jimbo kwa kiasi kikubwa, hatua iliyozusha kampeni ya kumwondoa mamlakani. Tangu hapo bunge limechota sehemu ya thamani ya hazina kila mwaka, na kila dola inayokwenda kwenye mgao ni dola isiyokwenda darasani. Mwaka 2025, huku baadhi ya wilaya zikifunga shule, wabunge wa vyama vyote viwili waliungana kubatilisha kura ya turufu ya gavana dhidi ya mswada wa elimu mwezi Mei. Agosti walirudia tena, wakirejesha fedha za shule alizozipunguza. Mgao wa mwaka huo ndio ule wa dola 1,000.

Nani anaumia? Mwenye mshahara mnono Anchorage huenda asihisi mgao ukipungua. Lakini katika vijiji vya wenyeji, ambako mafuta ya kupashia nyumba joto na vyakula vya dukani huletwa kwa ndege au mashua kwa bei ya kuruka, pesa hizo hununua nyavu, risasi za kuwindia na petroli ya magari ya theluji. Kuzipunguza ni sawa na kumtoza kila mtu kodi ya kiwango kimoja, mjane na milionea. Upande wa pili, mtoto wa kijiji hicho hicho ndiye anayesoma katika jengo linalovuja.

Huko Utqiagvik, mji wa kaskazini kabisa, Wainupiat wanapovua nyangumi hawamwachii nahodha peke yake. Nyama hugawiwa kwa taratibu za jadi, na mwezi Juni hufanyika sherehe ambapo kijiji kizima hula. Lakini fungu jingine huwekwa ghalani kwa ajili ya sikukuu za baadaye. Kila mtu anajua kipi cha kuliwa leo na kipi cha kesho kabla ya chombo kuingia majini.

Serikali ya Juneau ilitenga cha kesho, na kwa hilo inastahili sifa. Kosa lake ni kuahidi cha leo mara mbili: kwa wananchi kama mgao, na kwa watoto kama shule, huku ikifuta kodi ambayo ingewezesha ahadi zote mbili kutimizwa. Hadi wanasiasa watakapokuwa na ujasiri wa kuwaambia wapiga kura kwamba moja kati ya mambo hayo matatu lazima libadilike, mvutano huu utarudi kila mwaka bajeti inaposomwa.