Joto la jengo lipimwe kwanza, kiyoyozi kifuate

Katika miji mingi ya mwambao, na sasa hata ile ya bara, vyama vya ushirika, SACCOS na wafanyabiashara waliojiwekea akiba wanajenga majengo ya kupangisha. Chini kunakuwa na fremu za maduka, juu ofisi, pengine na ukumbi mmoja wa mikutano. Jengo likikaribia kukamilika, mbele kunawekwa kioo kutoka sakafuni hadi darini ili lipendeze machoni mwa wapita njia, na hapo ndipo suala la viyoyozi linapokumbukwa. Wakati huo fedha zimekwisha. Fundi wa karibu anaitwa, anakitazama chumba kwa macho, anataja ukubwa na bei, na kazi inaanza siku hiyo hiyo.

Hiyo ndiyo njia ya gharama kubwa kuliko zote, ingawa siku ya kununua huonekana rahisi. Bei ya mtambo hulipwa mara moja. Umeme wake hulipwa kila mwezi kwa miaka kumi au zaidi, na katika majengo mengi anayeulipa ni mpangaji, wala si yule aliyechagua mtambo. Mwenye jengo ananunua cha bei ndogo, muuza dawa za mifugo aliyepanga fremu ya kona anabeba mzigo, na baada ya mwaka fremu inabaki tupu bila mwenye jengo kuelewa ni kwa nini wapangaji hawakai.

Swali la kwanza linalopaswa kuulizwa ni joto linatoka wapi. Paa la bati lisilo na dari wala kizuia joto chini yake hugeuka jiko kuanzia saa nne asubuhi. Kioo kinachotazama magharibi hupokea jua la jioni, wakati ambao wateja ndio wengi. Mtu mmoja aliyekaa kimya hutoa joto la wati 100 hivi, kwa hiyo ukumbi wa watu 80 una wati 8,000 kabla taa haijawashwa. Majokofu ya soda na friza za samaki, ambazo wenye maduka wengi hudhani zinasaidia kupoza, hufanya kinyume chake, kwa kuwa umeme wote zinaoutumia huishia kuwa joto ndani ya duka. Kuna maduka ambayo kiyoyozi chake kinashindana na friza zake mchana kutwa, na mwenye duka analipia pande zote mbili za ugomvi huo.

Kila chanzo kinachoondolewa mapema kinapunguza ukubwa wa mtambo. Kibaraza chenye upana wa mita moja na nusu juu ya vioo, dari yenye kizuia joto, rangi nyeupe juu ya bati na madirisha yanayoelekea kaskazini na kusini ni kazi ya mwashi na seremala, na havina bili ya mwisho wa mwezi. Wajenzi wa zamani wa Mji Mkongwe wa Zanzibar walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe na vichochoro vyembamba vyenye kivuli, na hawakuwa na umeme. Harare kuna jengo la biashara liitwalo Eastgate, lililofunguliwa mwaka 1996 kwa ramani ya msanifu Mick Pearce, ambalo hupozwa kwa kuvuta hewa baridi ya usiku na kuihifadhi ndani ya zege hadi mchana. Pearce alichukua wazo hilo kutoka kwenye vichuguu vya mchwa. Si kila chama cha msingi kinaweza kujenga Eastgate, lakini kila chama kinaweza kuacha kuweka kioo upande wa magharibi.

Aidha, si kila mji unahitaji kiyoyozi. Mfanyabiashara wa Njombe au Mbeya anayefunga kiyoyozi kwenye duka la nguo kwa sababu amekiona Dar es Salaam anatupa fedha, kwani huko hewa ya madirisha mawili yanayotazamana na feni moja ya darini vinatosha karibu mwaka mzima. Dodoma ni habari nyingine. Hewa yake wakati wa kiangazi ni ya joto lakini kavu, na hewa kavu inapozwa kwa maji. Wakulima wa mboga wanaijua kanuni hii tayari, maana kibanda cha kuhifadhia mboga chenye kuta za mkaa uliolowanishwa hufanya kazi hivyo hivyo. Kipoza hewa cha maji hutumia umeme kidogo sana ukilinganisha na kiyoyozi. Kikipelekwa Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, ambako hewa imekwisha kujaa unyevu, kitaongeza jasho tu.

Panapohitajika kiyoyozi kweli, ukubwa wake hutajwa kwa BTU, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapobabaishwa. BTU 12,000 kwa saa ni sawa na kilowati 3.5 za upoozaji. Kwa makadirio ya haraka katika maeneo ya joto, mafundi huchukua BTU 500 hadi 600 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo fremu ya mita nne kwa tano huangukia kwenye BTU 12,000 au pungufu kidogo. Hayo ni makadirio ya kuanzia mazungumzo. Ghorofa ya juu chini ya bati, saluni yenye mashine sita za kukaushia nywele, au mgahawa wenye jiko ndani, havipimwi hivyo. Fundi asiyeuliza idadi ya watu, mashine na mwelekeo wa jua hajapima kitu.

Wapo wanaodhani dawa ni kununua kikubwa zaidi ili kuwa na uhakika. Kiyoyozi cha kasi moja kilichozidi ukubwa hupoza hewa kwa dakika chache kisha kompresa inazima kabla ya kuutoa unyevu. Chumba kinakuwa cha baridi yenye unyevu, kuta zinaota ukungu, na mifuko ya karatasi yenye mbegu inalegea. Baada ya dakika chache kompresa inawaka tena, na kila inapowaka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya kiwango chake cha kawaida. Mwenye jenereta ndogo anajua maana yake. Ikumbukwe pia kwamba mtambo wa Willis Carrier wa mwaka 1902, unaohesabiwa kuwa kiyoyozi cha kwanza cha kisasa, ulitengenezwa kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, Marekani, ambako shida ilikuwa unyevu uliokuwa ukitanua karatasi.

Kuhusu umeme, hesabu ni fupi na kila mnunuzi anaweza kuifanya kwa kalamu. Kiyoyozi cha BTU 12,000 chenye ufanisi wa 2.8, yaani kinachotoa kilowati 2.8 za ubaridi kwa kila kilowati moja ya umeme, hutumia kilowati 1.25 kikifanya kazi kwa nguvu zote. Chenye ufanisi wa 3.9 hutumia kilowati 0.9. Duka likifunguliwa saa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, cha kwanza kitakula uniti 325 na cha pili uniti 234. Tofauti ni uniti 91. Kwa mfano wa Sh350 kwa uniti, hiyo ni Sh31,850 kwa mwezi, au Sh382,200 kwa mwaka, kwa chumba kimoja tu. Jengo lenye fremu nane linapoteza zaidi ya Sh3 milioni. Ni kweli kompresa haifanyi kazi kwa nguvu zote kila saa, hasa miezi ya Juni na Julai, hivyo tofauti halisi inaweza kuwa ndogo kuliko hiyo. Hata hivyo mitambo ya inveta, ambayo hupunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka, ndiyo inayookoa zaidi wakati kazi ni ndogo. Udhaifu wake ni sakiti za kielektroniki, ambazo haziupendi umeme unaopanda na kushuka. Kifaa cha kulinda volti kiwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo, si baada ya sakiti ya kwanza kuungua.

Kenya ilitunga kanuni mwaka 2016 zinazotaka viyoyozi viwe na lebo ya nyota za ufanisi. Mnunuzi aliye popote anaweza kudai kuona namba ya ufanisi kwenye kibandiko cha mtambo, na muuzaji anayesema haina umuhimu aachwe na mtambo wake.

Namba nyingine kwenye kibandiko hicho ni ya gesi, na hapa kuna mtego unaowanasa wanyonge. Viyoyozi vya mitumba vinavyoshushwa kutoka ng'ambo vingi vina gesi ya R-22, inayoharibu tabaka la ozoni. Chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, nchi zinazoendelea zilitakiwa kupunguza matumizi ya kundi hilo la gesi kwa asilimia 35 ifikapo mwaka 2020, asilimia 67.5 ifikapo 2025, na kuyamaliza mwaka 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Maana yake kwa mwenye duka ni kwamba gesi ya kujazia itazidi kuadimika na kupanda bei huku mtambo wake ukizidi kuzeeka. R-410A nayo, ingawa haidhuru ozoni, ina nguvu kubwa ya kuongeza joto la dunia, na imo kwenye orodha ya gesi zinazopunguzwa kwa makubaliano yaliyofikiwa Kigali, Rwanda, Oktoba 2016. R-32 ina takriban theluthi moja ya madhara hayo na ndiyo inayopatikana kwenye mitambo mingi mipya. Inaweza kuwaka moto, ingawa si kwa urahisi, kwa hiyo haifai kushikwa na fundi aliyezoea kuchomelea mabomba bila kuyasafisha.

Linabaki suala la mtambo mmoja mkubwa wa jengo zima au viyoyozi vya kila chumba. Wauzaji husifu mtambo mkubwa, na kwa hoteli au hospitali wana hoja. Kwa jengo la fremu 8 au 15 katika mji wa mkoa, hoja hiyo ni dhaifu. Duka la pembejeo linafunga saa 12 jioni, duka la dawa linakesha, ofisi ya SACCOS haifunguki Jumapili; mtambo mmoja utawapozea wasiokuwepo, na kugawana bili yake kutaleta ugomvi kila mwezi. Ukiharibika, jengo zima linakaa na joto likisubiri fundi na vipuri kutoka Dar es Salaam. Kiyoyozi cha kila fremu kwenye mita yake ya LUKU kinamfanya anayekitumia ndiye anayekilipia. Kazi ya mwenye jengo ni kuandaa mahali pa mashine za nje kabla ya kupiga plasta. Mashine kumi zikipangwa katika uchochoro mwembamba zinapuliziana joto, na kila moja inafanya kazi ya ziada kuvuta hewa ambayo jirani yake ameichemsha. Mwambaoni, chumvi ya bahari hula mapezi ya alumini, na ile iliyopakwa kinga hudumu zaidi. Bomba la maji lipelekwe kwenye mfereji, lisidondoshee muuza machungwa aliye chini.

Wakulima na wauza dawa wanapaswa kuonywa kuhusu jambo moja. Kiyoyozi cha kawaida hakishuki chini ya nyuzi 16. Chanjo nyingi za mifugo zinahitaji nyuzi 2 hadi 8, na maziwa yanahitaji kufikishwa karibu na nyuzi 4, hivyo duka lenye kiyoyozi kizuri bado linahitaji jokofu lenye kipimajoto. Mbegu ni tofauti. Kwa kanuni ya wataalamu wa uhifadhi, kila joto linaposhuka kwa nyuzi 5 maisha ya mbegu huongezeka takriban maradufu, hivyo stoo ya mbegu iliyotoka nyuzi 32 hadi 22 ina faida ambayo mkulima ataiona shambani. Kwa mboga na matunda kipo kifaa kidogo, kilichobuniwa na mkulima wa Marekani, kinachokifanya kiyoyozi cha kawaida kishuke hadi nyuzi chache juu ya sifuri ndani ya chumba chenye kuta za kuzuia joto. Kikundi cha wauza mboga kinachopanga kujenga chumba cha baridi kipigie hesabu njia hiyo kabla ya kukopa kwa ajili ya mtambo wa kiwandani. Asisahau mtu kwamba ndizi huharibika zikipozwa chini ya nyuzi 13.

Mkataba wa upangishaji nao uandikwe upya. Utaje nani anaosha kichujio, na mara ngapi. Mjini penye vumbi kila wiki mbili si nyingi. Utaje nani analipa gesi ikivuja, nani anamwita fundi, kiyoyozi kinabaki kwa nani mpangaji anapohama, na nani anaziba tundu la ukutani. Mikataba mingi ya fremu hutaja kodi na tarehe yake tu, na vyama vinavyojenga mwaka huu bado vina nafasi ya kuyaongeza hayo kabla funguo hazijagawiwa.