Kashfa ya posta yaanika jeuri ya watawala wa Uingereza

MSOMAJI aliyelelewa akiambiwa kwamba mahakama na watumishi wa umma wa Uingereza ni kielelezo cha kuigwa na ulimwengu, huenda akapigwa na butwaa akisikia yaliyomfika Jo Hamilton. Mama huyu aliendesha duka lenye posta ndogo katika kijiji cha South Warnborough, kusini mwa nchi hiyo. Kompyuta ya posta ilimwonyesha kuwa hesabu zake zilikuwa na upungufu wa takriban paundi 2,000. Alipiga simu kuomba usaidizi, akafuata maagizo aliyopewa, na papo hapo upungufu huo ukaongezeka maradufu mbele ya macho yake. Hatimaye alishtakiwa kwa wizi wa paundi 36,000 ambazo hakuwa amezitia mkononi.

Mawakala wengi walipopiga simu kulalamika waliambiwa kuwa ni wao peke yao waliokuwa na tatizo hilo. Ukweli ni kwamba kati ya 1999 na 2015, zaidi ya mawakala 900 walipatikana na hatia ya wizi, ulaghai au kughushi hesabu kwa msingi wa mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Wapo waliofungwa jela, wapo waliofilisika na kuuza nyumba zao, na wapo waliotengwa na majirani waliowaona kuwa wezi wa pensheni za vikongwe. Seema Misra, aliyesimamia posta ya West Byfleet, alihukumiwa kifungo cha miezi 15 mnamo Novemba 2010 akiwa mja mzito, siku mwanawe alipotimiza umri wa miaka 10.

Je, yaliwezekanaje hayo katika taifa linalojigamba kwa utawala wa sheria?

Jibu la kwanza limo katika mkataba wa kazi. Wakala wa posta si mwajiriwa wa serikali. Ni mfanyabiashara anayeuza stempu na kulipa watu pensheni zao kwa niaba ya Shirika la Posta, ambalo ni mali ya serikali. Mkataba wake ulimtaka afidie kutoka mfukoni mwake pengo lililotokana na uzembe au makosa yake, na wakuu wa shirika waliusoma mkataba huo kana kwamba kila pengo lilitokana naye. Wengi walikopa kwa jamaa, wakaweka nyumba zao rehani, na mwezi uliofuata kompyuta ikawaonyesha pengo jingine.

Jibu la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito zaidi, ni kwamba katika England na Wales mlalamishi ana haki ya kumshtaki mtu mahakamani bila kupitia kwa polisi wala kiongozi wa mashtaka ya umma. Shirika la Posta liliitumia haki hiyo kwa ukamilifu. Lilikuwa mlalamishi, likawa mpelelezi, likawa kiongozi wa mashtaka, na juu ya hayo lilikuwa mdai wa fedha zenyewe. Takriban kesi 700 kati ya zile zilizoishia kwa hukumu ziliendeshwa nalo lenyewe. Hamilton alifutiwa shtaka la wizi kwa sharti kwamba akiri kughushi hesabu na kulipa fedha zote. Mtu anayetishwa kwa jela hukiri hata asichokitenda.

Sheria nayo ilikuwa upande wa mashine. Hadi mwisho wa miaka ya 1990, aliyeleta ushahidi wa kompyuta alitakiwa kuthibitisha kwamba kompyuta hiyo ilifanya kazi sawasawa. Sharti hilo liliondolewa mwaka 1999, na mahakama zikaanza kuchukulia kuwa kompyuta haikosei hadi mshtakiwa aonyeshe vinginevyo. Lakini mwenye duka kijijini angeonyeshaje, ilhali rekodi zote zilikuwa mikononi mwa Fujitsu na Shirika la Posta? Lee Castleton wa mji wa Bridlington alipiga simu mara 91 kuomba msaada. Aliposhtakiwa kwa ajili ya takriban paundi 25,000 alijitetea bila wakili, akashindwa mwaka 2007, na akaamriwa kulipa gharama ya kesi ya paundi 321,000. Alifilisika. Si siri tena kwamba shirika lilikuwa tayari kutumia fedha nyingi kuliko deni lenyewe ili mawakala wengine waone na waogope.

Waziri baada ya waziri walijificha nyuma ya hoja moja: kwamba Shirika la Posta lilijiendesha lenyewe, na haikuwa kazi ya serikali kuingilia shughuli zake za kila siku. Alan Bates, aliyepoteza posta yake mjini Llandudno mwaka 2003 na baadaye kuunda chama cha kuwatetea wenzake, alimwandikia waziri Ed Davey mwaka 2010 akiomba kuonana naye. Mwanzoni alijibiwa kwamba mkutano huo haungekuwa na faida yoyote, ingawa walikutana miezi michache baadaye. Davey ni wa chama cha Liberal Democrats. Mfumo huo ulianzishwa chini ya serikali ya chama cha Labour, licha ya Tony Blair kutahadharishwa mwaka 1998 kuhusu kasoro zake, na mapambano makali zaidi mahakamani yalifanyika wakati wa utawala wa Conservative. Mpiga kura aliyetaka kuwaadhibu waliohusika hangejua amnyime nani kura yake.

Wakuu wa shirika hawakukosa kuonywa. Wachunguzi wa hesabu walioajiriwa mwaka 2012 walieleza kasoro za mfumo huo katika ripoti ya Julai 2013, na mwezi huo huo wakili Simon Clarke aliliambia shirika kwamba shahidi wake mkuu kutoka Fujitsu hakuwa wa kutegemewa. Ushauri wa Clarke ulikaliwa kwa miaka saba, ilhali wachunguzi walifutwa kazi mwaka 2015. Paula Vennells, aliyeongoza shirika kuanzia 2012, alitunukiwa nishani ya heshima mwaka 2019. Mwaka huo huo, mawakala 555 wakiongozwa na Bates walishinda katika Mahakama Kuu. Shirika lilikubali kulipa paundi milioni 57.75, lakini baada ya mawakili na wafadhili wa kesi kuchukua chao, kila mmoja alibakiwa na takriban paundi 20,000 tu.

Hapa Mkenya atakumbuka jambo. Wazee wa Mau Mau walipoishtaki serikali hiyo hiyo jijini London mwaka 2009, ilibidi wangoje hadi 2011 ndipo ikakiri kuwa ilikuwa imehifadhi huko Hanslope Park faili zilizohamishwa kutoka Kenya wakati wa uhuru. Waliolipwa mwaka 2013 walikuwa wazee 5,228, wengi wakiwa wakongwe. Kuna uhusiano mwingine pia. Wafanyabiashara wengi wenye asili ya Kihindi walioondoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, na wale waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, walianza maisha upya Uingereza kwa kufungua maduka, na baadhi ya maduka hayo yalikuwa na posta ndani yake. Mwaka 2023 ilibainika kwamba wapelelezi wa shirika walikuwa wakiwapanga washukiwa kwa majina ya kibaguzi ya enzi za ukoloni. Shirika liliomba radhi.

Hukumu za mawakala 39, akiwemo Hamilton na Misra, zilibatilishwa na Mahakama ya Rufaa mnamo Aprili 2021. Hata hivyo, umma haukuchemka hadi Januari 2024, wakati televisheni ya ITV ilipoonyesha tamthilia iliyosimulia kisa cha Bates. Zaidi ya watu milioni moja walitia saini kutaka Vennells avuliwe nishani, naye akairudisha. Ndani ya siku chache waziri mkuu Rishi Sunak aliahidi sheria ya kufuta hukumu hizo kwa mkupuo, na sheria hiyo ikapita mwezi Mei. Bunge kufuta maamuzi ya mahakama si jambo dogo, na baadhi ya wanasheria walinung'unika. Lakini linaloudhi ni kwamba yaliyoshindikana kwa miaka 20 ya barua, ripoti na kesi yaliwezekana baada ya filamu ya usiku nne, katika mwaka wa uchaguzi.

Uchaguzi wenyewe, wa Julai 2024, ulivutia takriban asilimia 60 tu ya wapiga kura. Labour ilitwaa viti 411 kwa theluthi moja ya kura. Keir Starmer aliahidi kukomesha tabia ya maafisa kuficha makosa yao, na mnamo Septemba 2025 serikali yake iliwasilisha bungeni mswada wa kuwalazimisha watumishi wa umma kusema ukweli mbele ya tume za uchunguzi.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kufikia katikati ya 2025 fidia iliyolipwa ilikuwa imepita paundi bilioni moja. Lakini kuipata ni kazi nyingine. Mtu aliyeporwa na ofisi ya serikali hutakiwa kujaza fomu kwa ofisi nyingine ya serikali, akithibitisha kwa stakabadhi za miaka 20 iliyopita hasara aliyoipata, ilhali vitabu vyake vilichukuliwa na wapelelezi. Bates mwenyewe, ambaye sasa ni Sir Alan, alisema mwaka 2025 kwamba alipewa chini ya nusu ya alichodai.

Ripoti ya kwanza ya tume ya Sir Wyn Williams ilitolewa Julai 8, 2025. Ilieleza kwamba huenda watu wasiopungua 13 walijiua kwa sababu ya kashfa hiyo. Kufikia siku hiyo, hakuna hata mkuu mmoja wa Shirika la Posta au Fujitsu aliyekuwa amefikishwa kizimbani.