FEDHA ZA NDUGU NA NYUMBA YA MFANYAKAZI

Ndugu wanachama,

Sisi watu wa reli hatununui nyumba kwa mshahara peke yake. Baba huuza ng'ombe, dada hutoa akiba yake, kaka hutuma kidogo kidogo. Zawadi hiyo haitozwi kodi ya mapato, na ndivyo ilivyo haki. Lakini tukinunua nyumba mjini twadaiwa ushuru wa stempu, asilimia 4. Nyumba ya shilingi 1,000,000 yataka 40,000 zaidi. Ng'ombe mwingine huyo!

Sasa tazameni mwenye mshahara mkubwa. Yeye hukopa benki, na tangu Desemba 2024 sheria yamruhusu kuondoa riba ya nyumba anayokaa, hadi shilingi 360,000 kwa mwaka, kabla mapato yake hayajahesabiwa kodi. Anayechangiwa na ukoo hapunguziwi hata senti.

Je, benki ina haki kuliko ndugu? Msamaha wa stempu upo, lakini ni kwa wanunuao mara ya kwanza nyumba za mpango wa serikali tu. Twadai Bunge liueneze kwa nyumba ya kwanza ya kila mfanyakazi. Kila tawi lijadili na kulipigia kura azimio hili.

Umoja ni nguvu!