MOTERI ILIYOTUMIKA: IPONYE INGALI CHINI



Mishahara ikitoka, wako kati yetu wanaonunua moteri iliyotumika ili motokari ya nyumbani itembee tena. Hilo si kosa. Moteri mpya inapita uwezo wa wengi, na zilizotumika zinafika Goma kutoka ng'ambo kwa njia ya bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Kosa ni kutaka moteri iliyoshushwa asubuhi iwe imekwisha kufungwa jioni. Fundi anasema: "Tuiweke kwanza, mengine tutayaona baadaye." Sisi tunasema: hapana.

Fikiri kidogo. Mpira unaozuia mafuta nyuma ya moteri ni wa bei ndogo. Moteri ikiwa chini, unabadilishwa upesi. Moteri ikiisha kufungwa, huufikii mpaka giaboksi ishushwe. Na mkanda unaoendesha valvu ukikatika, katika moteri nyingi pistoni zinagonga valvu, na fedha yako imepotea. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tena kuna jambo kubwa kuliko fedha. Moteri ikizimika mteremkoni, katika motokari nyingi usukani unakuwa mzito, na breki, ikiisha kukanyagwa mara chache, inakuwa ngumu, kwa sababu nguvu inayosaidia mguu wako inatoka kwenye moteri. Anayeshuka milima ya Masisi kuelekea Sake, mke na watoto wakiwa ndani, anajua maana yake.

Basi, kabla ya kuifunga, dai mambo haya:

1. Patana na muuzaji mbele ya shahidi, kabla ya kulipa, kwamba moteri ikionekana mbovu atairudisha.

2. Ioshwe nje kwanza, matundu yote yakiwa yamezibwa. Vumbi la Goma ni jiwe la volkano lililosagwa. Likiingia ndani linakwangua kama msasa.

3. Toa buji, tia mafuta kidogo katika kila silinda, kisha izungushe kwa mkono kwa spana. Ikikataa, usiilazimishe kwa betri. Fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Moja ikiwa dhaifu sana kuliko nyingine, usiipokee.

4. Mwaga mafuta ya zamani, uyatazame. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia. Yakimetameta kwa chembe za chuma, vyuma vya ndani vimeanza kulana.

5. Badilisha mkanda, pampu ya maji, mpira wa nyuma, mafuta na chujio lake.

6. Safisha njia za maji, na mfuniko wa radieta uwe mzima. Goma iko karibu mita 1500 juu ya bahari. Huku maji ya sufuria yanachemka kwenye digrii 95 hivi, si 100. Mfuniko mbovu utakuchemshia moteri mapema. Maji ya Ziwa Kivu usiyatie: yana chumvi za madini zinazoacha magamba ndani.

Siku ya kuifunga, kumbuka kwamba hata moteri ya motokari ndogo huweza kupita kilo 100. Mgodini hukubali kusimama chini ya mzigo unaoning'inia. Mbona nyumbani unakubali kamba na tawi la avoka? Tafuta mnyororo imara, na watoto wakae mbali. Ukiijaribu, usiiwashe ndani ya garaji iliyofungwa. Sisi wa Goma tunajua mazuku, hewa inayoua bila kuonekana. Moshi wa moteri una hewa nyingine ya sumu, kaboni monoksidi, nayo haionekani wala haina harufu.

Utasema: siku mbili zaidi kwa fundi ni siku mbili bila mapato. Ni kweli. Lakini moteri ikifa njiani, utahesabu majuma, si siku.

Na wewe mama unayetunza mfuko wa nyumba, uliza neno moja kabla fedha haijatoka: vipuri na kazi ya fundi vimehesabiwa? Kama havijahesabiwa, subirini mshahara unaofuata.

Mgodini mashine inakaguliwa kabla ya kazi. Sheria hiyo isiishie kwenye lango la kampuni.