Nembo za filamu: kwa nini Kabambare isizipuuze

Kabla filamu haijaanza, skrini huonyesha nembo za kampuni moja baada ya nyingine, na watazamaji wengi husubiri tu zipite. Kisheria, sekunde hizo chache zina uzito. Mkataba wa Bern, ambao Kongo ni mwanachama wake tangu 1963, unasema katika kifungu cha 15 kwamba mtu au kampuni ambayo jina lake limewekwa kwenye filamu kwa namna ya kawaida huhesabiwa kuwa mtayarishaji, mpaka atokee wa kuthibitisha vinginevyo.

Kwa wilaya ya Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, hilo si jambo la Hollywood peke yake. Huko simu ndiyo kamera. Mtu akirekodi wachimbaji wa dhahabu karibu na Namoya, au familia zinazokimbia mapigano, kisha video ikasambaa kwenye WhatsApp bila jina lolote, wa kwanza kuipachika nembo yake ndiye ataonekana mwenye mali. Mzigo wa kuthibitisha unamwangukia aliyeshika simu.

Tazama filamu za Wakongo zilizofika mbali. "Augure" ya Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, ilirekodiwa Kinshasa na Lubumbashi, ikashinda tuzo Cannes mwaka 2023. Hata hivyo mtayarishaji wake mkuu ni Wrong Men, kampuni ya Ubelgiji, na ni Ubelgiji iliyoipeleka kugombea Oscar. Si wizi, anayetafuta fedha ndiye anayetangulia kwenye skrini. Dieudo Hamadi wa Kisangani alishika njia nyingine. "En route pour le milliard" ya mwaka 2020, kuhusu waathirika wa Vita vya Siku Sita wanaosafiri kwa mto hadi Kinshasa kudai fidia, inabeba jina la kampuni yake mwenyewe, Kiripifilms, kando ya washirika wa Ufaransa na Ubelgiji. Ni jina moja kati ya kadhaa, lakini lipo, na linampa kiti mezani haki zinapouzwa.

Watawala nao waliijua nguvu ya sekunde za mwanzo. Enzi za Mobutu, taarifa ya habari ya televisheni ya taifa ilifunguliwa kwa uso wake ukishuka kutoka mawinguni. Alipoangushwa 1997, uso ule ukatoweka, na OZRT ikawa RTNC.

Habari njema kwa kijana wa Kabambare au Kasongo ni kwamba Mkataba wa Bern hauweki sharti la usajili ili kazi ilindwe, kwa hiyo hahitaji safari ya Kinshasa. Anahitaji jina lake kwenye sekunde za kwanza za video (nembo ya pembeni peke yake hukatwa kirahisi) na faili la asili lihifadhiwe bila kufutwa, kwa kuwa hubeba tarehe ya kurekodiwa. Pagumu zaidi ni pale timu ya wageni inapofika na kamera kubwa ikitaka picha zake. Hapo maneno ya mdomo hayatoshi: iandikwe kwenye karatasi, kabla ya faili kutumwa, jina lake litakaa wapi na mgao wake ni kiasi gani.