Kabla Hujaomba Mtaji

Mwulize kijana yeyote wa mjini kwa nini hajaanza biashara, atakujibu neno moja: mtaji. Serikali itupe mtaji. Wahisani watutafutie mtaji. Wala hasemi uongo. Benki inamtaka hati ya nyumba mtu anayelala chumba cha kupanga. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo sheria inazitaka halmashauri zikopeshe wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi 2024, na wanaoihitaji ni wengi mno. Hayo tunayajua, na wanaodai yarekebishwe wadai, tena wapaze sauti.

Lakini kilio hiki kimekuwa kirefu kiasi cha kutufanya tusahau kwamba maelfu ya watu walioshika biashara leo hawakupewa shilingi na benki wala halmashauri. Walipewa mali. Na aliyewapa alikuwa mwenye duka la jumla, bila hati, bila mdhamini, bila hata fomu.

Ndugu zangu vijana, nendeni Kariakoo, Dar es Salaam, mkaulize habari ya mali kauli. Mtu anachukua mzigo asubuhi, vyombo, khanga, viatu vya watoto, anakwenda kuutembeza, na fedha anairudisha jioni, au Ijumaa, kama walivyoagana. Mara nyingi hakuna riba inayotajwa. Bei yenyewe huenda ikapandishwa kidogo, basi. Mwenye mzigo wa laki mbili anayeuuza na kulipa kila wiki amezungusha laki nane kwa mwezi bila kuwa na mtaji wake hata shilingi moja. Benki gani itampa hiyo?

Mali kauli haipatikani siku ya kwanza, na hapa ndipo wengi wetu tunaposhindwa. Inaanza kwa kununua taslimu, duka lile lile, wiki baada ya wiki, hata kama jirani anauza kwa pungufu ya shilingi 500. Vijana wanaona huo ni ujinga: kwa nini nisifuate bei? Kwa sababu unanunua vitu viwili kwa wakati mmoja, bidhaa na kujulikana, na hicho cha pili hakiuzwi kwa jirani. Baada ya miezi kadhaa utaomba dazeni moja juu ya ulizolipia. Utaambiwa chukua. Ukisema Ijumaa, iwe Ijumaa. Si Jumamosi asubuhi na maelezo. Dazeni itakuwa mbili, mbili itakuwa katoni. Mwenye duka naye ana hesabu zake: mzigo ukikaa stoo unakula kodi ya pango, kwa hiyo anatafuta mtu mwaminifu kwa hamu ile ile unayotafuta mtaji wewe. Hakufanyii hisani.

Wahenga wetu walisema mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Naafiki nusu. Nguvu wanazo wengi, na wengi wao wanazeeka nazo wakisukuma mikokoteni ya wenzao. Nguvu isiyo na hesabu inamfaidisha mwingine.

Nitoe mfano wa kubuni, ingawa kila mtaa una mtu wake. Mama ana genge la nyanya na vitunguu, mtaji wake shilingi 50,000. Anadamkia sokoni Ilala, anarudi, anauza. Jioni ana 65,000. Anafurahi: faida 15,000! Lakini nauli na mbeba mzigo wamekula 4,000, ushuru 1,000, chakula chake cha mchana 2,000. Faida ni 8,000. Akifunga genge anachukua 10,000, maana nyumbani kunatakiwa unga, mboga, mkaa na daftari la mtoto. Kesho yake anaingia sokoni na 48,000. Hakuna aliyemwibia, wala halali njaa kwa uvivu. Ila baada ya mwezi mmoja atasema biashara imekufa, na majirani watasema amerogwa. Angejua kwamba 8,000 ndiyo kikomo chake, angeweza kubana mahali, kuongeza bidhaa yenye faida zaidi, au kuuza vitu visivyoharibika upesi kama nyanya. Asiyejua hana la kufanya. Mali bila daftari hupotea bila habari: msemo huu tunaufundisha shuleni na kuusahau tukifungua duka.

Kwa hiyo daftari ni la lazima, hata la shilingi 1,000. Safu tatu zinatosha: kilichoingia, kilichotoka, nilichochukua mimi. Hiyo safu ya tatu ndiyo chungu. Jipangie ujira wa siku kama ambavyo ungemlipa msaidizi, na ukiuvuka andika kwamba umejikopesha. Simu nazo zimetusaidia: laini moja ya biashara, nyingine ya nyumbani, na usiku unaona mwenyewe fedha ya duka imekwenda wapi.

Hapa ndugu watakasirika, na lazima tuseme. Duka dogo linaangushwa na shemeji anayechukua sukari bila kulipa, mjomba anayeomba nauli, michango ya harusi ya mtu usiyemjua jina. Sisemi tuwe na roho ya Kizungu. Msiba wa jirani ni wetu, na siku yetu itafika. Nasema mchango utoke kwenye ujira wako, si kwenye fedha ya mzigo ambayo kwa kweli ni ya mwenye duka Kariakoo. Huwezi kuwa karimu kwa mali ya mwenzako.

Na mtaji ukipungua, msikimbilie mikopo ya kausha damu. Jina lenyewe wamelitoa wakopaji. Tuseme unapewa laki moja, urejeshe laki na elfu thelathini kwa siku 30, ukianza kesho. Unaona riba ni asilimia 30. Si hivyo. Kwa kuwa unarejesha kila siku, ile laki hukukaa nayo mwezi mzima. Kwa wastani umetumia nusu yake tu, na umeilipia elfu thelathini yote. Biashara gani ya mtaani inatoa faida hiyo? Marejesho ya wiki ya kwanza unayatoa ndani ya mkopo wenyewe, kisha wakopeshaji wanakuja kubeba godoro na jiko. Kama lazima kukopa, kopeni kwenye kikundi. VICOBA zetu ni matunda ya mpango wa kuweka na kukopa ulioanzia kwa wanawake wa Niger mwaka 1991. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu, funguo zake wanashika watu watatu tofauti, na riba inarudi kwa wanachama wenyewe. Upatu nao ni mzuri, mradi zamu yako ikifika ununue mizani au friji, si sare ya harusi.

Katika semina za ujasiriamali, ambazo kiingilio chake wakati mwingine kingetosha kununua mzigo, husimuliwa habari za matajiri wetu kana kwamba ni miujiza. Marehemu Reginald Mengi, tunaambiwa, alianza kwa kuunganisha kalamu nyumbani kwake Dar es Salaam miaka ya 1980, wakati nchi ilikuwa na uhaba wa karibu kila kitu. Kweli. Kinachorukwa ni kwamba alikuwa mhasibu wa kusomea, aliyefanya kazi katika kampuni ya Coopers & Lybrand; alijua gharama ya kalamu moja kabla hajaiuza. Said Salim Bakhresa aliacha shule akiwa na miaka 14, akauza urojo. Kweli pia. Lakini tazama njia yake: urojo, mgahawa, mkate, unga. Katika hatua hizo hakutoka jikoni. Kila hatua ilitumia alichojifunza kwenye ile iliyotangulia. Vijana wetu, mwaka ule mayai ya kware yalipovuma, walikuwa kwenye kware, kisha sungura, kisha matikiti, na kila mara wanaanza wakiwa wageni, hawajui muuzaji wala mnunuzi, na hakuna anayewajua kiasi cha kuwaamini na dazeni moja.

Mtaniuliza: je, mtu mwaminifu akikwama? Hukwama. Mvua za masika zinafunga njia, mteja aliyeagiza anahama. Ukiona Ijumaa inakaribia na fedha haijatimia, usizime simu. Nenda dukani Alhamisi na kiasi ulicho nacho, fungua daftari mbele ya mwenye duka aone mzigo uko wapi, mtajie siku nyingine unayoiweza kweli. Uliza pia kama atapokea vitu visivyouzika. Baadhi hupokea; wengine hukubadilishia saizi au rangi inayotembea zaidi mtaani kwako, na unaweza kuondoka na mzigo mwingine siku hiyo hiyo.