Motokaa Inayozimika Njia Panda

Baba mmoja wa Kikula alikuwa na motokaa kuukuu. Kila aliposimama njia panda, injini ilitetemeka ikazimika. Rafiki zake wakamwambia: “Kipimo cha kilango cha hewa kimekufa, nunua kipya.” Akataka kutoa fedha za masomo ya watoto.

Ngojeni kidogo! Kilango hicho hufunguliwa na kikanyagio cha mafuta. Masizi yakikiganda, hewa hukosa njia mara mguu unapoinuliwa. Kisafisheni kwanza. Kisha tazameni mipira ya kupitishia hewa, isiwe imepasuka.

Baadaye pimeni kipimo chenyewe kwa voltmita, ufunguo ukiwa umewashwa bila injini kunguruma. Kwa motokaa nyingi, kilango kikifungwa mtasoma karibu volti 0.5, kikifunguliwa chote, karibu 4.5. Fungueni polepole: namba ikipanda taratibu, kipimo ni kizima, ikirukaruka, kimechakaa.

Baba yule alikuta masizi tu. Kitambaa na dawa ya kusafishia vilitosha, na watoto wakabaki shuleni. Mwenye busara hupima kwanza, ndipo hununua.